Shingo ya Twiga wa Nta

Baba alipoleta masega ya nyuki kutoka Ugalla, mama aliyeyusha nta, na iliyobaki akanifinyangia wanyama. Nimebaki na twiga mmoja tu. Yule askari wa plastiki niliyemnunua mjini Mpanda kwa maringo yote, sasa ananata kama pipi iliyolambwa, na mkono umekatika wenyewe. Twiga hajavunjika, ila joto la bati limempinda shingo. Mchana namhamishia karibu na mtungi, penye ubaridi. Mke wangu hachoki kuniambia, “Mpashe moto kidogo, umnyooshe.” Sitaki! Pale shingoni ambapo ningembonyeza ndipo ilipo alama ya dole gumba la marehemu mama. Nikimnyoosha, itabaki ya dole langu.