Dakika Kumi za Bani la Mzee Nestori

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Ulyankulu ambayo sijaisahau. Nakusimulia leo kwa sababu umeniambia umempangia mlinzi wa mashine yako muda "wa kutosha". Wa kumtosha nani?

Nilikuwa fundi kijana, najiona. Mzee Nestori, mkulima wa tumbaku, aliniruhusu nimfungie mashine ya kuendesha feni ya bani, lile banda la kukaushia majani. Ndani yake niliweka mlinzi, kisaa kidogo ambacho programu lazima ikipe ishara kila mara. Programu ikikaa kimya hadi muda upite, kisaa kinaiwasha mashine upya.

Mwanzo niliweka sekunde ishirini. Kusoma joto peke yake kulichukua arobaini, basi mashine ikashinda inazima na kuwaka. Majirani wakanicheka, "Fundi, mashine yako inashtuka kama imeota jinamizi!" Kwa aibu nikaweka dakika kumi. Kicheko kikaisha, nami nikatembea kifua mbele.

Siku ya tano programu ikaganda, feni ikabaki inapuliza moto. Kisaa kilingoja dakika zake kumi kwa utiifu, kama nilivyokiagiza. Tulipofungua mlango, majani ya juu yalikuwa meusi. Jasho la msimu mzima la yule mzee! Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Jani likifika hatua hii linavumilia moto huo dakika ngapi?"

"Sijui."

"Nne. Likiwa bichi, hata nusu saa. Wewe uliuliza aibu yako, hukuuliza jani."

Alinikalisha pale banini siku mbili, nashika majani kwa mkono. Kisha nikaweka dakika moja na nusu, na amri kwamba muda ukipita feni izimwe kwanza, ndipo mashine iwashwe upya. Majani yaliyosalia yalitoka na rangi ya asali.

Basi shika hili. Jua kazi ndefu kuliko zote ya programu yako inachukua muda gani, na unachokilinda kinavumilia muda gani siku yake mbaya kabisa. Muda wako ukae katikati. Ukikosa nafasi hapo, irekebishe programu iwe ya haraka zaidi, usirefushe kungoja.

Nenda, mwanangu, kaulize jani lako. Mungu akujalie, na mlinzi wako aamke kabla ya moto.