Usicheke na Ndege Asiye na Doa

Jina alilopewa na wazazi wake hulikuti mdomoni mwa mtu siku hizi. Wote humwita Usicheke, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiwakalisha watu kwenye kiti kilekile cha kuzunguka, anawainua kidevu kwa ncha ya kidole, anawaambia: usicheke. Picha za pasipoti, za kitambulisho, za shule, za kuombea kazi. Kama umewahi kuomba kitu chochote serikalini ukiwa mtaa ule, sura yako imepita mikononi mwake, na kama kwenye kitambulisho umetoka kama mshtakiwa, basi lawama ni zake, mimi simo.

Studio yenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kuna kiti, taa mbili na kitambaa cheupe ukutani. Nyuma kuna kompyuta, printa na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na kidole chepesi zaidi. Kazi ya wifi ni kusafisha. Chunusi, kovu, alama za tetekuwanga, weusi chini ya macho, vyote vinaondoka kabla mteja hajamaliza kuvua koti la kuazima. Haulizi mtu. Akimaliza anahifadhi palepale juu ya picha ya mwanzo, na kila Jumamosi anafuta kadi ya kamera ili Jumatatu waanze upya. Mteja akijiona amependeza anamshukuru Mungu, na wifi nyuma ya pazia anacheka peke yake.

Sasa ndege waliingiaje hapo? Presha. Daktari wa zahanati alimwambia atembee kila asubuhi, na Usicheke, ambaye bila kamera shingoni hujiona kama katoka bila nguo, akachukua ile yenye lenzi ndefu ya harusini akaelekea mabwawa ya majitaka nyuma ya kiwanda cha sabuni. Harufu ya pale, jamani, tuiache. Lakini ndege wanaipenda, na wala hawakumbughudhi. Akaanza kuwapiga picha kwa namna anayoijua. Hakutaka ndege anayeruka wala anayekula. Alichutama majanini mpaka magoti yakaomba msamaha, akisubiri ndege amtazame usoni, mabega sawa, kidevu juu. "Geuka kidogo, baba," alimwambia korongo mmoja. "Hapohapo. Usicheke." Matokeo yake ndege wake wote wameikodolea macho kamera kama wanaomba viza.

Picha ya kwanza wifi aliitoa ndege akiwa amesimama kwenye weupe mtupu, hana tope wala jani. Usicheke alikuja juu.

"Nani kakutuma umwondolee bwawa lake? Picha za ndege usiguse kitu!"

"Haya, wifi, yaishe. Sigusi."

Na kweli, zilizofuata zilitoka na matope yake, majani yake na maji yake ya kijani. Moja Usicheke aliipenda mno: ndege wa miguu mirefu, mgongo wa kahawia, koo jeusi lote. Akaitundika dirishani katikati ya bibi harusi wawili.

Siku moja akaingia binti mmoja kutaka picha ya pasipoti. Kumbe ni mtafiti wa ndege, mwenye shahada mpaka ya udaktari. Kukaa hakukaa. Alibandika pua kwenye ile picha.

"Mama, huyu umempiga wapi?"

"Hapo mabwawani, mwezi uliopita. Kaa basi, kidevu juu."

"Mama, ngoja kwanza." Akaeleza kwamba kuna ndege wa aina hii mwenye doa jeupe kooni, na huyo amejaa kila bwawa, si wa ajabu. Lakini asiye na doa ni ndege mwingine kabisa, na huku hajaonekana kwa miaka arobaini. Akaondoka na nakala. Siku ya tatu alirudi na habari kwamba wakubwa wake ofisini wamekubali. Kitabu kikubwa cha ndege kinatengenezwa, na picha ile itapewa ukurasa mzima, chini yake jina la mpiga picha, jina lake kamili, lile la wazazi. Imebaki fomu ya ushahidi tu, ataileta baada ya wiki mbili.

Tusifichane, Usicheke alilia. Picha zake zimeingia kila droo na kila pochi mtaani, zimebandikwa hata kwenye matangazo ya vifo, na hakuna hata moja iliyowahi kuandikwa nani kaipiga. Alitaka ukurasa ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona haya kusema.

"Na nzuri zaidi," alimwambia wifi wakifunga studio, "ni picha ambayo hukuigusa."

"Sikuigusa hata kidogo," wifi akajibu, akikunja pazia. "Nilisafisha uso tu."

Usicheke alisimama na kufuli mkononi.

"Ulisafisha nini?"

"Uso, wifi. Uso na shingo, kama kawaida. Ulisema nisiguse picha. Kwani kusafisha ni kugusa?"

"Kooni kulikuwa na doa?"

"Nitajuaje? Kama lilikuwepo, nimelitoa. Kama halikuwepo, sikulitoa."

"Wewe si ndiye uliyelitoa!"

"Kinachotoa ni kidole, wifi. Mimi huwa naongea na simu."

Kadi ilishafutwa Jumamosi nne zilizopita. Basi kuanzia hapo mama wa watu hakujua aingie wapi atokee wapi. Alifumba macho jikoni akamwona ndege, doa lipo, jeupe pee. Akafumbua, akafumba tena, doa halipo. Aliikuza picha kwenye kompyuta mpaka koo likawa vyumba vyumba vya weusi, na kila chumba kikamwambia lake. Alimuuliza mumewe, ambaye hata mabwawa hayajui, naye akasema kwa uhakika wote kwamba doa lilikuwepo. Siku ya pili akasema halikuwepo. Asubuhi kumi na nne mfululizo alikwenda bwawani bila kukosa. Aliwaona wenye doa, makundi kwa makundi. Kuna mmoja alimwona hana, moyo ukamlipuka, ndege akageuka, kumbe doa lilifichwa na tope. Au ndiye yeye na doa ndilo lililokuwa tope? Alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka.

"Wewe tia saini," wifi alimshauri. "Nani atakwenda kumhoji ndege?"

Dokta wa ndege alikuja na fomu siku aliyoahidi, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka. Usicheke, kabla ya kukaribishana, alitoa yote ya moyoni: brashi ya kompyuta, kidole cha wifi, kadi iliyofutwa. Nyuma ya pazia kiti cha wifi kililia mara moja. Alisubiri binti achukie, akunje karatasi zake aende.

Dokta alifungua kofia ya kalamu. "Basi picha tuiweke pembeni, mama. Ushahidi ni wa mtu, si wa kompyuta. Ulikuwa umbali gani?"

"Hatua kumi na tano."

"Kwa muda gani?"

"Dakika arobaini. Alikataa kunitazama, nikamsubiri."

"Dakika arobaini!" Dokta alimshika mkono kwa furaha. "Mimi kuna ndege nimewaandika kwa kuwaona sekunde tatu. Mama, wewe umemwona kuliko sisi wote. Jaza tu ulichokiona kwa macho yako. Ukisema halipo, nitakuamini, na ukurasa ni wako."

Akamsogezea fomu. Swali la sita liliuliza: doa kooni, lipo au halipo. Halipo ni herufi sita tu, na jina la wazazi wake lingekaa kitabuni hata yeye akishaondoka duniani. Usicheke alishika kalamu akarudi bwawani kichwani. Alikumbuka mwanga ulikuwa unatoka kushoto. Alikumbuka jani moja lililomkera upande wa kulia, na jinsi alivyopunguza spidi ya kamera mara mbili. Alikumbuka kile kiduara chekundu cha ndani ya kamera alichokiweka juu ya jicho la ndege, akakishikilia hapo dakika zote arobaini kisitikisike. Zaidi ya kiduara, hamna. Alitafuta koo, akatafuta mdomo, hata rangi ya miguu hakuipata.

Akaandika taratibu, kwa mwandiko wa shule: "Sijui. Nilikuwa nampiga picha, sikumwangalia."

Dokta aliisoma mara mbili, na Usicheke akaona haya mpaka miguuni, maana ilikuwa kweli.