Jino Lisilolia

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ndiyo iliyonilea kwenye piano. Kanisa letu la bati pale Ruiru lilipakana na kiwanda cha shamba la kahawa ambako baba, aliyetoka Maragoli kutafuta kazi, alikuwa akiosha buni, na hadi leo nikinusa kitu kilichochacha vidole vyangu huanza kucheza vyenyewe. Piano yenyewe tuliachiwa na mzungu mmoja aliyehama. Ilinyeshewa njiani ikiwa juu ya mkokoteni, na jino moja la katikati (vile vibao vyeupe na vyeusi tuliviita meno) likafa kabisa. Ukilibonyeza lilishuka kimya na kupanda kimya.

Mwalimu Zakaria, aliyeongoza kwaya yetu, alinifundisha kila alasiri tangu nikiwa na miaka minane. Alikuwa mkali, wala sikumpenda siku zote. Nami nilikuwa mvivu wa kiasi, nikaona raha kuliruka lile jino, kwani nani angejua? Yeye alijua. Alinishika mkono akaniambia, "Hapo hapana kuruka. Kama sauti haitoki kwa piano, itoke kwako." Basi nikawa nabonyeza na kuimba sauti iliyokosekana, yeye akinirekebisha kwa kuimba pia, mpaka mdomo na kidole vikawa kitu kimoja.

Nilipofika miaka kumi na mmoja aliniandikisha mtihani wa piano mjini Thika. Baba alikwisha kusema kwamba nikishindwa, alasiri zangu zitarudi kwa mama, kwenye kuchuma kahawa. Hakuwa mkatili, mikono ilihitajika. Tulipanda treni asubuhi, mimi na Mwalimu, viatu vyangu nimevishika mkononi visichafuke. Ndani ya ukumbi aliketi mama mmoja wa kizungu mwenye miwani, na Mwalimu akaambiwa asubiri nje. Nikaanza kipande changu, cha mtunzi wa kale wa Ujerumani, na nilipofika kwenye lile jino nikaimba kama kawaida. Piano nayo ikalia. Nilishtuka nikaacha kucheza. Yule mama akaniuliza kwa Kiswahili chake cha shambani kwa nini ninaimba, nikamjibu kwamba sauti hiyo haiko kwenye piano yetu. Akaniamuru nirudie bila kuimba. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili kidole kiligoma palepale, machozi yananilenga, nikiona vikapu vya kahawa mbele yangu. Yule mama akasema, "Basi, imba." Nikaimba, nikamaliza, na akanipitisha.

Tukiwa stesheni tukingoja treni ya kurudi, Mwalimu hakuniuliza kwanza kama nimefaulu. Nilipomweleza kuwa piano ya Thika ina lile jino na linalia, alivua kofia yake.

"Lilikuwa sawa na tulivyokuwa tukiimba?"

"Sawasawa, Mwalimu."

Akageuka upande, akakaa hivyo mpaka treni ilipofika.

Leo ninafundisha nyumbani kwangu Kiganjo, kwenye piano yenye meno yote, na wanafunzi wangu hucheka nikifika mahali pale mdomo ukafunguka. Wana kila kitu tulichokosa, nami nafurahi kwa ajili yao. Lakini mimi nilipewa sauti ile na mtu ambaye hakuwahi kuisikia ikitoka kwenye piano yake, na hadi leo sijapata kuona kwamba aliikosea.