Ubao wa Maryvonne

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya Saint-Amblard, kijiji cha milima ya Auvergne. Gaëtan Rouvière, mwenye miaka sabini na mmoja, ameketi kwenye usukani wa gari la mikate. Injini imezimwa, macho ameyafumba, na mikono yake inakata kona hewani: kushoto, kulia, kushoto tena.

Hivyo ndivyo alivyojiandaa kwa misimu kumi na miwili ya mbio za magari. Vikombe walichukua wenye timu. Yeye alirudi na goti lisilokunjika, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumjulia hali. Wao wamesahau, sisi hatujasahau.

Leo anapeleka mikate nyumba arobaini na moja. Akipanda mlima anapita getini kwake, akishuka anapita tena. Pale anasimama mkewe, Maryvonne, na ubao mkononi.

Enzi za mbio, ni yeye aliyekuwa akimwonyesha ubao kila mzunguko: muda wake, au neno moja, INGIA, yaani aje kutia mafuta. Sasa ugonjwa wa kusahau umemnyang'anya hata jina la binti yao. Ubao tu ndio ugonjwa huo umemwachia.

"Kuna siku ananiuliza mimi nani," anasema Gaëtan. "Lakini gari likipita ananipimia muda, na hakosei."

Mwaka 1983 ubao ulisema INGIA. Gaëtan alikuwa anaongoza, akajipa mzunguko mmoja zaidi. Mafuta yakamwishia bendera ya mwisho akiiona kwa macho. Jioni ile ile timu ikamtimua. Maryvonne alimwambia neno moja tu: "Nilikuandikia."

Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza tangu enzi hizo, aliandika tena INGIA. Nyumba tisa zilikuwa bado zinangoja mkate. Gaëtan akasimamisha gari. Ndani alikuta kahawa imemiminwa kwenye bakuli mbili, kama inavyonywewa huku asubuhi, na mkewe akamwita kwa jina lake. Alikaa dakika ishirini.

Bosi mpya wa duka la mikate aliziona dakika hizo kwenye kompyuta yake inayofuatilia gari. Amemwamuru kuanzia wiki ijayo apite barabara ya chini, isiyofika getini kwake. Akamtania kwamba hajapata kuona dereva wa mbio anayefika wa mwisho. Ni wenye timu wale wale, safari hii wamevaa aproni.

Bibi Huguette, miaka themanini na minane, wa nyumba ya mwisho kabisa, amekusanya saini za nyumba zote tisa kwenye karatasi ya kuomba Gaëtan aachiwe njia yake ya zamani.

"Meno yangu yenyewe ya bandia, mkate wa moto wa nini?" anasema. "Mwacheni mtoto wa watu anywe kahawa na mkewe."

Jumatatu Gaëtan ataiweka karatasi hiyo mezani kwa bosi. Bosi akikataa, ataweka na funguo za gari juu yake.

"Ubao ule niliupita mara moja," anasema, akiwasha injini. "Akiandika niingie, naingia."