Cheche ya Sinia

Feni ilikuwa na ubovu mdogo tu, na mtaani kwake mafundi wa feni walikuwa watatu. Mwalimu mstaafu aliwapita wote, feni kwapani, akavuka barabara kuu hadi kwenye kibanda cha mwanamke anayesuka upya nyaya za mota. Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nyekundu: CHECHE.

Jina hilo lilitoka kinywani mwake yeye mwalimu.

Miaka ishirini na sita nyuma, fundi huyu akiwa msichana wa kidato cha pili, aliandika kwenye daftari la fizikia jaribio alilolifanya nyumbani. Alisugua sahani ya plastiki kwa kitambaa cha sufu, akalaza juu yake sinia dogo la alumini lenye kikombe cha plastiki kama mpini, akaligusa kwa kidole. Likilala, halifanyi kitu. Akilinyanyua, linatoa cheche. "Chaji hasi ziko kwenye plastiki, chanya kwenye sinia," aliandika. "Zinavutana. Mkono wangu unazitenganisha kwa nguvu, na nguvu hiyo inabaki katika nafasi iliyo kati ya sahani na sinia."

Mwalimu alilijaribu mbele ya darasa siku ya mvua, madirisha yakitiririka maji. Cheche haikutoka.

"Mwongo mkubwa wewe, na cheche zako za ndotoni!"

Darasa zima likaangua kicheko, na jina likamganda. Nafasi ya kwenda maonyesho ya sayansi akapewa mpwa wa mwalimu.

Kiangazi kilipofika, mwalimu akiwa peke yake maabara, alijaribu tena. Cheche ikamrukia kidoleni. Kumbe siku ile chaji zilivujia kwenye unyevu. Na mtoto alikuwa ameueleza uga wa umeme, somo la madarasa ya mbele, bila kufundishwa na mtu. Mwalimu akafunga kabati. Yeye, mke wa mwalimu mkuu, amwombe radhi mtoto, halafu watu waanze kuuliza mpwa wake alipitia mlango gani? Akaimeza siri. Mumewe alizikwa kwa heshima zake zote, mpwa akawa mhandisi, na yeye kila alipovua sweta likatatarika kwa cheche, moyo ulimlipuka.

"Shikamoo, mwalimu!" fundi alimpokea kibandani. "Leo umepotea njia?"

"Marahaba, mwanangu."

Fundi alizungusha panga la feni kwa kidole. "Hii ni bushi tu, kipete cha ndani kimelika."

Mteja aliyekuwa akisubiri pampu yake akadakia, "Ndiye aliyekufundisha huyu?"

"Huyu huyu. Ndiye aliyenikomesha uongo, kaka!" Fundi alicheka. "Nilimwambia sinia limetoa cheche. Mpaka leo sijui niliota au vipi. Ndiyo maana kila mota naipima mara tatu. Macho yangu siyaamini."

Njia nzima mwalimu alikuwa amejiandaa kwa matusi, kicheko hakukitarajia. Akafungua mfuko, akatoa sahani ya plastiki, kitambaa na sinia.

"Bibi, mbona vyombo vitupu?" mteja akatania.

Mwalimu alisugua sahani mpaka bega likamuuma. Akalaza sinia, akaligusa, akalinyanyua kwa mpini.

"Lete kidole, mwanangu."

Tap!

Fundi aliurudisha mkono kifuani. "Tena," alisema. Sinia likalazwa, likaguswa, likanyanyuliwa. Tap!

"Hukuota. Nilikosea mimi."

Angeweza kuishia hapo, na jina la nyumba yake lingesalimika. Alishika ukingo wa meza.

"Na nilijua. Kiangazi kile kile nilijua. Nikanyamaza kwa ajili ya mpwa wangu, na kwa ajili yangu."

Mteja akajifanya anaangalia barabarani. Fundi aliligeuzageuza sinia mikononi.

"Miaka yote hiyo, mwalimu. Hata barua ya mistari miwili?"

"Hata hiyo."

Fundi hakusema amesamehe. Aliivuta pampu ya mteja, akagusisha nyaya za kipimo mara moja tu, akasoma, akaiweka kando.

"Imepona, kaka, chukua." Kisha, bila kuinua macho, "Feni kesho saa nne, mwalimu. Sinia liache hapa."