Kibodi Inayooshwa

"Vua hiyo mifuko!"

"Mama mkubwa, ngoja basi nimalize hii barua."

"Nimesema vua! Mtu ameleta barua ya kuomba kazi, hajaleta maiti ya kuosha. Unamwandikia umevaa nailoni vidoleni kama unaokota mavi ya mbwa!"

Mteja mwenyewe, dereva wa lori, alikuwa amesimama nyuma ya kiti na vyeti vyake kwenye bahasha. Akacheka kwa pua. "Mwache mama. Labda anaogopa nitamwambukiza umaskini."

"Haogopi chochote huyu. Ana kinyaa tu. Kinyaa kama mke mdogo wa mfalme."

Na Kinyaa ndilo jina lake, mtaa mzima wanamwita hivyo. Alilipata shuleni, kabla hajaiacha kidato cha pili. Darasa lao lilikuwa na kikombe kimoja cha maji cha watu hamsini, yeye akagoma kukigusa, akawa anakinga maji kwa kiganja. Shule aliiacha, jina likamfuata nyumbani. Sasa ana miaka ishirini na sita, na anapiga chapa kwenye steshenari ya dada mkubwa wa mama yake. Ni chumba kimoja chenye kompyuta moja, mashine ya kopi, kabati la kioo lenye kalamu na madaftari, na feni inayogeuza shingo huku na huku kama mtu anayekataa kuoa.

Anapiga chapa vizuri, hilo hata adui zake wanakubali. Tatizo lilikuwa kibodi.

Kibodi ya duka ilinunuliwa nyeupe. Ilipofika siku ya ugomvi huu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na katikati, pale vidole vinaposhinda, ilikuwa nyeusi na inang'aa. Mama mkubwa alikuwa anakula mkate wa siagi juu yake kila asubuhi. Mkono mmoja mkate, mkono mmoja anaandika risiti, simu ameibana kwa bega. Makombo yakaingia, siagi ikaingia, chai ikaingia mara mbili. Kitufe cha A kilikuwa kinanata. Ukikibonyeza kinakung'ang'ania kidole kama mtoto anayeachishwa ziwa. Na A ndiyo herufi inayofanya kazi kuliko zote. Jaribu kuandika barua ya Kiswahili bila A uone utafika wapi.

Kinyaa alivumilia. Halafu siku moja akaipindua ile kibodi, akaipiga mgongoni ili makombo yatoke. Yakatoka makombo, zikatoka nywele, na mwisho kikadondoka kipande cha ukucha. Ukucha mnene, wa njano, umejikunja. Ukucha wa mguu.

Hakuuliza wa nani. Kwenye kile chumba ni mtu mmoja tu anayevua viatu na kujikata kucha hapohapo mezani. Kuanzia siku hiyo alianza kuvaa nailoni.

"Sikiliza," mama mkubwa alisema dereva alipokwisha kuondoka na barua yake. "Leo Alhamisi. Jumatatu nikikukuta na nailoni, hicho kiti anakaa binti wa fundi cherehani. Anapiga chapa bila hata kutazama, na hana maringo."

Hilo lilimwingia. Binti wa fundi cherehani alikuwa na cheti, yeye hana. Kiti kile ndicho kilichokuwa kinalipa chumba chake, na hakuna ofisi nyingine ambayo ingemwambia karibu kaa bila kuuliza ameishia darasa la ngapi.

"Nitaleta kibodi yangu," akasema.

"Lete hata kinanda. Ila isinipigie makelele, mimi hapa naongea na simu. Na mikono mitupu! Wateja wanaona."

*

Alikuwa anajua anachokitaka. Jumamosi huwa anakwenda kwenye chumba cha gemu, watu wanne wanne, wanapigana vita kwenye kompyuta. Kibodi za kule ni msiba mwingine kabisa: soda, mafuta ya chipsi, jasho la wavulana wanaotukanana tangu mchana. Wiki iliyopita aliuawa kizembe kwa sababu kitufe cha kwenda kushoto kilinata. Na cha kushoto ni kipi? A hiyohiyo. Wenzake wakamcheka. "Kinyaa, adui alikuwa mchafu, ndiyo maana hukutaka kumgusa?"

Kwa hiyo alitaka kibodi moja ya kubeba kwenye begi, ya kazini na ya gemu. Na awe anaweza kuifungua na kuiosha. Hizi za kawaida huwezi. Chini zina shuka moja la mpira, uchafu ukishaingia umehamia. Lakini ile ya kimekanika kila kitufe kina swichi yake na springi yake, na kofia ya juu unaing'oa kwa vidole. Unaweka kofia zote kwenye beseni, unasugua, unaanika. Watu wengine wanaipenda kwa sababu ya sauti au mwendo wa kidole. Kinyaa aliipenda kwa sababu inaoshwa.

Ijumaa mchana akaingia duka la vitu vipya. Muuzaji ana waya sikioni, anatafuna kitu, anaongea kabla hujauliza.

"Hii hapa kaka, mekanika kamili. Ina taa rangi saba."

"Nataka ya kuchapia, sio ya disko."

"Sikia sauti basi!" Akapiga vitufe kwa kidole kilekile alichotoka kukitoa kwenye meno.

Kinyaa alikitazama kile kidole. Akatoa leso, akashika kofia moja kwa leso, akaing'oa. Chini yake kulikuwa na chuchu ya mpira, laini, kama ya chupa ya mtoto.

"Hii ni mpira."

"Ni mekanika ya mpira."

"Kaka, wewe una mama?"

"Ninaye."

"Anajua kazi unayofanya?"

Zile za kweli zilikuwepo, juu, kwenye kabati la kufuli. Akasoma bei kwenye karatasi, akasoma tena asije akawa amekosea. Mishahara miwili. Akatoka bila kuaga.

*

Mtu wa mwisho aliyebaki wa kumwendea, jioni hiyohiyo, alikuwa Dada Nyaya. Ana meza ya mitumba nyuma ya stendi, bisibisi ameichomeka kwenye kilemba, na kibodi zimerundikwa kwenye magunia kama viazi. Harufu yake unaipata kabla hujafika. Vumbi, plastiki ya moto, na kitu kingine kama blanketi la wagonjwa.

"Karibu mteja. Chagua, zote zimetoka maofisini."

"Zimeoshwa?"

Dada Nyaya akamtazama kuanzia viatu. "Kibodi unaoa au unanunua?"

Kinyaa akavuta leso, akaanza kujaribu moja moja. Alijaribu kwa namna yake: anaweka mezani, haijachomekwa popote, anapiga barua nzima ya kuomba kazi kuanzia anwani mpaka wako mtiifu. Anasikiliza. Vidole vyake vinaijua barua ile kuliko jina lake.

"Hizo za bluu zinapiga kelele," Dada Nyaya akamwambia. Akang'oa kofia akamwonyesha rangi ya swichi chini. "Ukichapa, jirani anadhani mvua ya mawe. Nyekundu ni laini, wa gemu wanazipenda, ila ukilaza tu kidole herufi imetoka. Kahawia ndiyo ya mtu mwenye mambo mawili. Unaisikia kidoleni, huisikii masikioni."

"Nipe kahawia."

"Iko moja."

Akachimbua gunia, akaitoa. Fupi, haina namba pembeni, nzito kama tofali. Kinyaa akaipiga barua yake. Mwendo mzuri, tena mzuri sana, kidole kinashuka, kinagusa kitu, kinarudi chenyewe. Ila A haikurudi. Imezama, imekufa.

Akaipindua. Bora asingeipindua.

Kilichodondoka mezani hakikudondoka kama makombo, kilidondoka kama mkeka. Nywele za njano zilizosukana na vumbi, sukari iliyoganda, vipande vya kucha zilizotafunwa, mguu wa mende, na manyoya. Manyoya ya paka! Kinyaa akarudi nyuma hatua mbili, leso mdomoni, macho yamejaa maji.

"Mtu gani huyu? Alikuwa anachapa au anafuga?"

"Mtu wa ofisini," Dada Nyaya akasema, akafuta meza kwa kiwiko. "Ndiyo maana ni bei rahisi. Na A imekufa, nakupunguzia tena."

"Kibodi bila A nitaandika nini? Jina lako tu lina nne."

"We mtoto, hizi swichi hazijachomelewa. Zinang'oka kama meno ya utoto. Tazama." Akapitisha kibano, akainyanyua ya X, ikatoka. Ilikuwa mpya, haijawahi kuguswa. "Lini umeandika X? Kwenye Kiswahili haipo. Q haipo. Huku kwetu hizo ni spea. Unahamisha ya X unaipeleka kwenye A, na ile mfu unaizika kwenye X. Nimewatengenezea watu hivi mpaka nimechoka."

Kinyaa akafikiri. Q anaihitaji, kwenye gemu ndiyo ya kubadilisha bunduki. X haina kazi. Na wateja wakitaka alama ya X kwenye fomu, wana kalamu.

Akakunja uso wote, akanunua. Akaibeba kwenye mifuko mitatu, mkono ameunyoosha mbali na mwili, njia nzima watu wanampisha.

*

Jumamosi asubuhi, dada yake wa kuzaliwa alimkuta uani, kwenye bomba. Beseni, sabuni ya unga, mswaki wa zamani, na kaka yake amejifunga kitambaa puani.

"Kuna aliyekufa?"

"Niache."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," dada akasema, akavuta ndoo akaketi kutazama. Hakutaka kupitwa.

Kofia aliziosha maji matano. Maji ya kwanza yalitoka kama supu. Kila alipong'oa kofia alikuta kiota kipya, mpaka akaanza kumjua mwenye kibodi wa zamani, mtu ambaye hajawahi kumwona: anakunywa kahawa yenye sukari nyingi, anatafuna kucha, ana paka, na siku moja alilia au alipiga chafya juu ya herufi ya M. Kinyaa akamchukia yule mtu kwa moyo wote. Mara mbili alikwenda ukutani kujaribu kutapika, haikutoka. Sehemu ya swichi alisugua kwa spiriti na pamba ya masikioni, pamba sitini, akazihesabu.

"Ungekuwa unaoga hivyo ungeshaoa," dada akasema.

Akaanika kofia juani kwenye taulo, zimejipanga kama meno ya mtu. Zilipokauka akahamisha swichi ya X kwenda kwa A. Ikaingia kwa mlio mdogo mtamu. Akainusa kibodi. Sabuni tupu. Jioni ile kwenye chumba cha gemu alikimbia kushoto mpaka wenzake wakauliza amekula nini.

*

Jumatatu akaichomeka dukani, mikono mitupu, kucha fupi. Mama mkubwa akasikiliza. Haikumpigia kelele. Akaguna. Lakini kwenye benchi la wateja alikuwa amekaa binti wa fundi cherehani, mkoba mapajani, cheti ndani ya mkoba.

"Kaja kusalimia," mama mkubwa akasema.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee, mlinzi mstaafu, anataka barua kwa mwenye nyumba wake kuhusu paa linalovuja. Maneno ameyaandika kwenye daftari. Kila akifunua ukurasa anatoa ulimi, analamba kidole, anafunua. Kinyaa akakaza macho kwenye kioo, akawa anachapa. Vidole vinaruka, barua inashuka. Mistari tisa, hajakosea hata mmoja.

"Kumbe hii mashine ni nzuri," mzee akasema. "Mwanangu, A ndiyo ipi?"

"Hiyo hapo, mzee."

"Hii?" Akalamba kidole kwa mazoea, chote, mpaka kwenye kifundo, akakibandika juu ya A. Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Yarudi! Hebu ona, yarudi yenyewe!"

A ilibaki inang'aa. Uzi mwembamba wa mate ulivutika, ukakatika.

Mama mkubwa alikuwa anatazama. Binti wa fundi cherehani naye alikuwa anatazama. Mkono wa Kinyaa ulikwenda mfukoni kwenye leso, ukaishika, ukaiachia. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Imebaki sentensi moja tu, na mzee akaisoma kwa sauti: "Naomba paa hilo litazamwe haraka kabla mvua haijaanza tena."

Kinyaa alizihesabu A zake kichwani hata kabla hajaanza. Kumi na saba. Akazipiga zote kumi na saba, kwa kidole kitupu, na kila moja aliisikia.

Karatasi ikatoka. Mzee akaishukuru mashine, akamshukuru na yeye, akataka kumpa mkono. Kinyaa akampa mkono.

"Kumbe unaweza," mama mkubwa akasema. Akamgeukia binti wa fundi cherehani. "Mwanangu, msalimie baba." Binti akachukua mkoba wake, akaondoka. Mama mkubwa akafunua kifurushi, akatoa mkate wa siagi, akavuta kiti kuelekea kompyuta. "Hebu nipishe niijaribu na mimi hii yako."

Kinyaa akasimama. Akang'oa A kwa kucha mbili, akaifunga kwenye karatasi, akaitia mfukoni.

"Wino wa kopi umekwisha, mama mkubwa. Nakwenda kuufuata."

"We! A iko wapi? We mtoto!"

Alikwishavuka barabara, mkono wa kulia ameutenga na mwili, anaangalia bomba la karibu liko upande gani.