Sahani ya Tatu ya Tomma

Tomma Brüning alikuwa hodari wa kukwepa umalkia. Kila Februari, majirani wa mtaa wake mjini Bremen walipotoka kwenda kula sukuma wiki, yeye alikula kidogo kwa adabu, kisha akajibanza nyuma ya mtu mnene. Anayewashinda wote kwa kula huitwa mfalme au malkia, huvishwa shingoni mfupa wa taya la nguruwe, na matembezi ya mwaka unaofuata yote yanakuwa mzigo wake: kutafuta mkahawa, kukokota mkokoteni wa vinywaji, kusikiliza manung'uniko. Tomma alikuwa ameendesha tramu mpaka akastaafu. Alisema watu aliowabeba wanamtosha.

Mwaka huu binti yake, Wiebke, alikuja kutoka Munich, na hakufuata sukuma wiki.

"Mama, Pasaka unahamia kwetu. Chumba kiko tayari. Ngazi hizi zitakuua."

Tomma aliitikia kwa kichwa tu. Angemkatalia vipi mtoto anayempenda hivyo? Lakini moyo ulimuuma kila alipofikiria kuuacha mtaa ule.

Wakatoka mchana, baridi ikiwauma masikio. Gerold Hashagen, jirani wa ghorofa ya chini na mfalme wa mwaka jana, alikokota mkokoteni na kuwamiminia watu vikombe vya kinywaji kikali kila kona.

"Tomma, leo utakula, au utadonoadonoa kama kuku mgonjwa?"

"Kokota mkokoteni wako, babu wee. Maneno hayasukumi magurudumu."

Mkahawani sukuma wiki ikaletwa, imepikwa mpaka imelegea, inang'aa mafuta, juu yake soseji nono na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Tomma akaimaliza sahani yake, akaomba ya pili. Watu wakaanza kugongana viwiko. Alipoomba ya tatu, Wiebke akamshika mkono.

"Mama, tumbo lako! Si unajua anayekula sana anapewa nini?"

"Najua."

"Na mwakani utakuwa Munich. Nani atawapangia hawa?"

Tomma akachoma kipande cha soseji, akatafuna taratibu. Jasho lilikuwa linamtiririka, maana kwa kweli alishiba tangu sahani ya kwanza.

"Nisogezee haradali, mwanangu," akasema.

Wiebke akamtazama mama yake, akaelewa. Aliumia, wala hakuficha. Kisha akaisogeza haradali.

Sahani ilipobaki nyeupe, Gerold akasimama na ule mfupa, meza nzima ikipiga kelele, "Malkia! Malkia!" Tomma akainamisha kichwa. Kamba ikanasa kwenye nywele zake, na Wiebke ndiye aliyeinuka kuinasua. Akaifunga vizuri shingoni, akamnong'oneza:

"Mwakani tafuta mkahawa ulio karibu na stesheni. Mimi nitakuja na treni ya asubuhi."